Kamba Niliyofunga Kwenye Taa za Gari

Lugano mwanangu,

Salamu sikupi, maana uko hapo nyuma ya ukuta na nasikia unavyojigeuza kitandani. Nawe bila shaka unaisikia penseli yangu ikikwaruza. Usije kuchungulia. Barua hii utaisoma ndani ya basi, ukishaipita milima ya Tukuyu, mahali ambapo huwezi tena kurudi kuniuliza maswali.

Mambo ya sabuni, ya shuka, ya kutokunywa maji ya kisima usichokijua, hayo sitaandika. Nimeyasema wiki nzima mpaka bibi yako akaniambia, "Mwache mtoto, utamfanya aogope hata kunawa." Ila blanketi jekundu liko chini kabisa ya sanduku. Haya, nimemaliza.

Nataka kukuandikia habari ya taa za gari. Utasema unaijua kuliko mimi, maana mwenye kuzitengeneza ni wewe. Nusu yake unaijua. Nusu nyingine nimeikalia mpaka leo. Jumapili iliyopita nilikusikia nje ya kanisa ukiwaambia wenzako, "Mama yangu alipojua kosa ni lake, alisema siku ile ile, mbele ya babu." Mimi niliinama nikajifanya nafunga kiatu, nami siku hiyo sikuvaa kiatu. Sasa wewe unakwenda Dodoma kusomea uuguzi, na huko utamsimulia mama yako kwa watu wasionijua. Usimsimulie mama ambaye hayupo.

Gari lilipokuja hapa Ngonga ulikuwa bado mwembamba kama fito. Baba yako alilichukua kwa bwana shamba, mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Wakati wa vita baba yako aliendesha malori ya jeshi, akarudi na mikono inayotafuta usukani hata akiwa ameshika jembe. Gari lilikuwa kuukuu, lakini taa zake mbili kubwa zilikuwa zimekaa mbele juu ya chuma kimoja kilichotoka upande huu mpaka upande ule, na zilimulika mpaka mwisho wa mashamba. Kiti cha mbele, cha kushoto, kikawa cha babu yako. Hakuna aliyesema. Kikawa tu.

Wewe umekua ukimwona mama yako anaruka kutoka njiani na kuingia kwenye migomba akisikia kikohozi cha babu yako, ukaona ni jambo la kawaida kama kunawa mikono. Kwangu halikuwa jepesi. Nilipoolewa nilikuwa msichana wa Ikombe, mfinyanzi, mikono imezoea udongo na mdomo umezoea kusema. Hapa nikafundishwa: baba mkwe humtazami, humsemeshi, jina lake hulitaji, na mahali anapokaa yeye wewe hukai. Miaka kumi na nane nimeishi naye kaya moja na uso wake siujui vizuri. Naijua miguu yake. Naijua fimbo yake. Si kwamba alikuwa mkali kwangu. Samaki mkubwa akipatikana, sehemu yangu alikuwa anaikata yeye mwenyewe na kumpa bibi yako aniletee. Ila ndivyo tulivyoheshimiana, kwa kukimbiana.

Sasa sikia siku yenyewe. Tulikuwa tunatoka Mwaya, kule ziwani, mimi na baba yako peke yetu. Bibi yako wa Ikombe alikuwa ameniletea vyungu kwa mtumbwi nivibadilishe kwa mpunga, na mwaka ule alifinyanga kama mtu aliyeambiwa udongo unakwisha. Kiti cha nyuma kikajaa. Vilivyobaki nikavifunga nje, mbele ya gari, kwenye kile chuma cha taa. Nilivifunga kwa kamba ya mgomba iliyolowa maji ya ziwa, kama tunavyofunga mtumbwini, nikaweka goti na kuvuta kwa nguvu zangu zote. Baba yako alikuwa anazungumza na wavuvi, hakuniona.

Tukiwa tayari kuondoka, mvua ikaanza. Mimi nimesimama tu, nafasi hakuna. Baba yako akafungua mlango wa kushoto.

"Panda."

"Hicho kiti cha nani?"

"Cha gari. Panda, mama Lugano. Nani atakuona, vyura?"

Nikapanda. Na nikuambie kweli, nilifurahi. Sikuwa nimewahi kuiona njia ikinijia mbele namna ile. Nyuma unaona migongo ya watu na vitu vinavyokwisha kupita. Pale mbele mpunga wote ulikuwa unafunguka. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Tulipokaribia nyumbani nikateremka, nikatembea kipande kilichobaki, nikaingia uani nikiwa nimelowa, na bibi yako akanipa pole.

Haikupita wiki, taa zikaanza kucheza. Gari likiruka shimo, zinafifia, zinarudi, zinafifia tena. Kila mtu aliuliza kuna nini. Mimi nikajua. Yaani nilidhani nimejua. Niliona gari linafumba macho kwa ajili yangu. Mimi ndiye niliyetakiwa kufunika macho yangu mbele ya kiti kile, nisifunike, basi gari linafunika yake. Usicheke. Nilikuwa naomba kanisani na bado naliogopa lile gari. Vyote viwili vilikaa ndani yangu bila kugombana.

Baba yako alihangaika. Alivua nyaya za betri, akaviosha vichwa vyake kwa maji ya moto, akavipaka grisi. Taa zikacheza. Akaleta glopu mpya mbili kutoka duka la Mhindi, akaziweka. Zikacheza. Wewe ulikuwa unamshikia spana, na nakumbuka ulimwuliza, "Baba, kama betri ndiyo mbovu, mbona honi inalia vizuri?" Akakujibu, "Nipe bisibisi." Swali lako likaishia hapo, likaanguka chini kama nati.

Kisha ikaja ile jioni. Baba yako na babu yako walikuwa wanarudi kutoka Mwaya, giza limeingia, na kwenye kona ya darajani taa zikazima kabisa. Gari likaingia kwenye jaruba la mpunga. Babu yako aliletwa akiwa amebebwa mgongoni na mwanawe, nyonga imeumia, kofia imebaki topeni. Na mchana wa siku hiyo watu walikuwa wamekuona umeingiza kichwa ndani ya boneti.

Babu yako hakukupiga. Bora angekupiga. Alikaa na maumivu yake siku mbili, siku ya tatu akamwita baba yako. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni na mwiko mkononi.

"Gwe Asajile, nani alimwambia binti yako afungue gari?"

"Taata, alikuwa anatazama tu."

"Alitazama mpaka nikalala topeni. Shule imempa mikono mirefu. Basi, imetosha. Akae alime na mama yake."

Baba yako akanyamaza. Alijua nani alikaa kwenye kile kiti na kwa neno la nani, lakini yeye hakuunganisha kiti na taa. Kwake gari ni chuma. Kunyamaza kwake atakuandikia yeye akitaka. Mimi nakuandikia kunyamaza kwangu.

Nilinyamaza tangu kupanda mpunga mpaka unapoanza kuiva. Hiyo ndiyo nusu usiyoijua. Si siku moja. Ulikosa muhula mzima, ukiwa pembeni yangu topeni, na mimi kila siku nikiamini ndani ya moyo wangu kwamba wewe huna kosa. Nilijiambia nikisema nimekaa pale, wataniambia nirudi Ikombe kwanza, ndugu zangu waje waombe radhi, na kila mtu atasema wasichana wa Ikombe hawana adabu. Nilijiambia babu yako ni mgonjwa, nisimwongezee. Nilijiambia mengi. Siku moja ukanyoosha mgongo, ukaniuliza, "Mama, hivi kweli mimi ndiye niliyeziharibu?" Nikakujibu, "Palilia, mwanangu, jua linakwenda." Jibu hilo limenila kuliko kila kitu nilichowahi kusema. Ungekuwa umeniuliza kwa hasira ningelisahau. Uliniuliza kwa sababu ulitaka kujua.

Baadaye mwalimu wako akaleta neno: usiporudi baada ya mavuno, nafasi yako anapewa mwingine. Ulisema sawa, ukaenda kuchota maji.

Siku hiyo nilikuwa nafagia, nikaliona daftari lako chini ya mkeka. Unajua mama yako anavyosoma, herufi moja inamvuta mwenziwe. Nilidhani nitakuta nyimbo. Nikakuta umechora gari lote, na mistari inatoka kwenye betri kwenda kwenye honi, kwenda kwenye taa, na chini umeandika. Nilikaa nalo mpaka maji ya uji yakakauka motoni: *Honi nzima. Kwa hiyo betri nzima. Glopu mpya. Taa zinacheza gari likiruka, si injini ikienda mbio. Kwa hiyo kuna kitu kimelegea. Nani alikigusa?*

Hukuandika jina la mtu. Umekatazwa gari, umekatazwa shule, na bado ulikuwa unalifikiria gari bila kumchukia mtu yeyote. Mwanangu, nilisikia aibu, lakini juu ya aibu ilikuja fahari ambayo sikujua niiweke wapi. Nilijiuliza huyu nimemzaa mimi kweli?

Nikaenda nyuma ya nyumba ya babu yako, nikageuza uso kwenye migomba, nikamwita bibi yako. Alikuja wewe ukiwa nyuma yake na kikapu. Haya mengine ulikuwepo, ila niache niyaandike, maana napenda kuyakumbuka.

"Mama," nikamwambia bibi yako, "mwambie baba kwamba kwenye kiti chake nilikaa mimi. Siku ya mvua. Ndiyo maana gari linafumba macho. Lugano hana kosa."

Ukuta ule ni wa mianzi na udongo, na babu yako yuko upande wa pili, anasikia mpaka pumzi yangu. Lakini bibi yako akazunguka nyumba yote, akaingia, nikasikia anasema, "Mkweo anasema alikaa kwenye kiti chako."

Nikasikia fimbo yake ikigonga chini. Kisha: "Mwulize kwa nini alikaa."

Bibi yako akazunguka tena. "Anauliza kwa nini ulikaa."

"Mwambie mvua ilikuwa inanyesha, na nyuma kumejaa vyungu."

Akazunguka. "Anasema mvua, na vyungu."

"Mwulize vyungu vyote vilienea nyuma?"

Bibi yako alipofika kwangu mara ya tatu alikuwa anahema. "Nyinyi mnasikiana, mimi mnanimalizia miguu! Lugano, kimbia wewe."

Nami nikasema, ili tu nimalize, kama mtu anayetupa takataka, kwamba havikuenea, vingine nilivifunga mbele. Ukasimama. Ukaweka kikapu chini.

"Mama, mbele wapi?"

"Kwenye chuma kile cha taa."

"Kwa kamba gani? Uliikaza?"

"Kwa kamba ya mgomba, mbichi. Niliikaza kwa goti, kama mtumbwini. Lakini hayo yanahusu nini? Mimi nakuambia habari ya kiti."

Hukunijibu habari ya kiti. Ulikuwa umekwisha kukimbilia gari.

Babu yako akasema hadanganywi. Taa atawasha yeye mwenyewe. Akatoka na fimbo yake, akachechemea, akaingia akakaa upande wa usukani. Mimi nikakimbia, lakini ukaniita: "Mama, nahitaji mtu wa kushika chuma, baba yuko kwenye kinu cha mpunga Kyela." Nikakuuliza nitasimamaje mbele ya macho ya babu yako. Ukainua boneti. Ikasimama katikati yetu kama mlango, yeye ndani ya gari, mimi huku kwenye taa, na hakuna aliyemwona mwenziwe. Sikuwa nimefikiria kwamba gari lina ukuta wake.

Ulinifundisha huku unafanya kazi. Ulisema umeme unakwenda kwenye taa kwa waya, lakini unarudi kwa chuma cha gari lenyewe, na chuma kikilegea unakosa njia ya kurudi. Ukanionyesha pale chuma cha taa kinapofungwa: nati zimelegea huku na huku, na chini yake kutu nyekundu, na katikati ya kutu uzi wa kamba yangu ya mgomba umenasa, umeoza. Nilikaza kamba, nikalegeza nati. Maji ya kamba yakaleta kutu.

"Babu, washa!" Taa zikawaka, zikacheza. Ukanipa mimi kipande cha waya, ukaniambia nigandamize ncha moja kwenye chuma cha taa na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. "Washa tena!" Zikatulia. Nikaondoa waya, zikacheza. Nikarudisha, zikatulia. Nilifanya mara nne, mpaka ukaniambia, "Mama, si mchezo."

Ukazifungua nati. Mimi nikaleta majani ya msasa ninayosugulia vyungu, tukasugua kutu mpaka chuma kikang'aa, nikasugua upande wangu na wewe wako. Ukafunga, ukakaza, ukapaka grisi juu maji yasiingie. Kisha ukapanda juu ya bampa ukaruka mara tatu kama mbuzi, gari likayumba, na taa zikakaa kimya zinawaka tu.

Yeye kule ndani haoni taa. Akauliza, "Zimetulia?"

Na mimi nikasahau. Nilikuwa nazitazama, nilikuwa nakutazama wewe, nikasahau kila kitu, nikasema kwa sauti, "Zimetulia, baba."

Miaka yote ile sikuwa nimemsemesha. Nikaziba mdomo kwa mikono yenye grisi.

"Nani amesema?"

"Ni mimi, babu," ukasema.

"Ahaa." Akakohoa. "Sauti yako imekuwa nzito. Ni ya mtu wa kurudi shule. Na mwambie mama yako vyungu asifunge mbele."

Nilicheka nyuma ya ile boneti mpaka machozi. Hujawahi kuniuliza kwa nini nililia. Nimekuambia sasa.

Mwanangu, mimi sina elimu ya kukupa. Nina hilo tu. Nilikuja kuungama kiti, kitu nilichokiona kikubwa, na kamba nikaitaja kwa bahati, mwishoni, kwa kuchoka. Wewe hukunikemea habari ya kiti wala hukunicheka. Ulisikia kamba. Huko unakokwenda watakuja watu wenye aibu zao. Mwanamke atakaa mbele yako akueleze habari ya laana ya shangazi yake, na ugonjwa wenyewe uko kwenye neno atakalosema akiwa anainuka kuondoka. Wewe tayari unajua kumsubiri. Hilo sikukufundisha mimi, na sijui ulilitoa wapi. Nimelitafuta kwa baba yako, nimelitafuta kwangu, sikuliona. Ni lako.

Na ukikosea huko, maana utakosea, sema mapema. Sisemi kwa sababu ni vizuri; nasema kwa sababu mimi nilichelewa, na kuchelewa kwangu wewe ndiye uliyekulipia kwa mgongo wako topeni. Nisamehe. Nilitaka kukuomba uso kwa uso na kila siku nikakuta nazungumza habari za blanketi.

Sasa la mwisho. Nilipanga kesho nikuage hapa uani, maana babu yako alikuwa amesema atakwenda kukusindikiza, na gari lina kiti chake. Nilishajiandaa. Lakini leo mchana amevaa koti lake la kanisani, akachukua fimbo. Nilikuwa nyuma ya ghala la mpunga. Bibi yako akamwuliza, "Unakwenda wapi kwa miguu, na gari linaondoka alfajiri?"

Akajibu kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka ghalani: "Nakwenda kulala kwa ndugu yangu Kyela. Nitamuaga mjukuu wangu pale kwenye basi, kisha nitasogea pembeni. Mama yake apande gari. Na asikae nyuma."

Kisha akaenda, na ile nyonga yake. Nilimtazama mgongo mpaka alipopotea kwenye mpunga. Mgongo sijui kama unaruhusiwa kutazamwa. Nimeutazama.

Kwa hiyo kesho wewe utakaa nyuma na sanduku lako, baba yako ataendesha, nami nitakuwa mbele kushoto, uso wazi, mpaka tukufikishe. Ndaga, asante, mwanangu. Lala sasa, nimesikia umegeuka tena.

Ni mimi niliyekuzaa,
Tupokigwe